Sikiliza Feni

Mama Maji alikuwa mwoga, na hilo halikuwa siri. Fundi wa matairi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alizoea kumtania kwamba mama huyu anaogopa gari lililozimwa kuliko watu wengine wanavyoogopa gari linalokuja. Naye wala hakukasirika. "Naogopa, ndiyo," alikuwa akijibu. "Ndiyo maana wateja wangu wanarudi na nyuso zao." Kisha anaendelea kukaza klipu ya mpira wa maji, anaitingisha, anaikaza tena, mpaka mwenye gari anaanza kuangalia saa.

Na msimcheke, maana ningewaona nyinyi! Mama huyu alianza kazi akiwa msichana, pale mlima unapoanza, akiuza maji kwa madumu. Magari yalifika pale yamechemsha, mvuke unafuka kwenye boneti, madereva wanashuka wakiitukana barabara, kiwanda na mama mzazi wa gari. Yeye anasogea na dumu lake. Jina la Mama Maji alilipata hapo, hata kabla hajawa mama wa mtu. Na ni hapo hapo alipomwona dereva mmoja wa lori, mtu na haraka zake, akifungua mfuniko wa rejeta kabla injini haijapoa. Maji yalimrukia usoni. Ukelele alioutoa yule bwana, Mama Maji aliendelea kuusikia miaka na miaka, akiwa anapika, akiwa anafua, akiwa katikati ya mazungumzo ya watu.

Mwingine angekimbia akauze nyanya. Yeye hofu ile ilimganda, akaanza kuwauliza madereva maswali. Maji yanachemka kwa nini? Yanapita wapi? Nani anayeyapoza? Mafundi wa njiani walimcheka, kisha wakachoka kumcheka, kisha wakamfundisha. Baada ya miaka akahamia mjini, akapata kibanda chake cha mabati chenye benchi moja la mbao, dirisha moja lisilofunga, na ukuta mzima umetundikwa rejeta za zamani. Kazi yake ikawa moja tu, kuhakikisha gari halichemshi. Injini ikigonga, nenda kwa mwingine. Breki zikilia, nenda kwa mwingine. Maji, njoo kwake.

Sifa yake kubwa aliipata kwa magari yaliyofiwa na sensa. Magari ya siku hizi yana akili, alikuwa akisema, ila akili yenyewe wameiweka kwenye kitu kidogo kama kidole gumba. Sensa ya joto ndiyo inayoiambia feni izunguke lini, na ndiyo inayoinua sindano ya geji pale mbele ya dereva. Ikifa, feni haipati habari na sindano inalala usingizi. Sensa mpya haiuzwi mjini pale. Inaagizwa mbali, inafika baada ya siku tatu au nne, na watu wana safari zao. Basi Mama Maji anafunga feni dairekti. Anavuta waya kutoka kwenye betri, anaupitisha kwenye fyuzi na swichi ndogo, feni inazunguka muda wote bila kumngoja mtu aiambie. Halafu anainama dirishani kwa dereva na kumwambia maneno yake, yaleyale, miaka ishirini na miwili: "Geji imekufa, usiihangaikie. Sikiliza feni. Ikilia, uko salama. Ikinyamaza, simama."

Lakini kabla ya maneno hayo kulikuwa na karatasi. Feni ina nyaya mbili. Ukizibadilisha, bado inazunguka na bado inalia vilevile, ila inazunguka kinyume. Badala ya kuvuta hewa baridi ya nje ipite kwenye rejeta, inaisukuma hewa moto ya injini kwenda mbele, igongane na upepo wa safari. Sikio haliwezi kujua. Kwa hiyo Mama Maji alikuwa akishika karatasi mbele ya rejeta. Ikinaswa, ikabaki imeng'ang'ania pale, gari liende. Ikipeperuka, rudi kazini. Hakuna gari lililotoka kibandani kwake bila karatasi. Mtu akimwambia ana haraka, anamwambia ashuke atembee.

Sasa, mama huyu alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa dereva. Watu walimwita Kamanda kwa sababu ya sauti yake pale anapoamuru abiria wafunge mikanda. Aliendesha basi dogo la chama cha wagonjwa wa figo. Siku tatu kila wiki aliwachukua wagonjwa sita asubuhi, akawavusha mlima, akawafikisha kwenye hospitali yenye mashine ya kusafishia damu. Mmoja wa wale sita alikuwa mjomba wake, mdogo wake Mama Maji wa tumbo moja, ambaye kila mtu kwenye basi lile alimwita Mjomba, hata wale waliomzidi umri. Hawa si wagonjwa wa kuambiwa njoo kesho. Siku ikiruka, maji yanajaa mwilini, miguu inavimba, pumzi inabana kifuani.

Jumatano moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kamanda alifika kibandani na basi, sindano ya geji imelala. Mama Maji alipima, akatikisa kichwa. Sensa imekufa. Ya kuagiza ingefika Jumamosi.

"Tuazime gari lingine, mama," Kamanda alisema.

"La nani, saa hizi? Niletee waya nifunge dairekti."

"Mama, mimi naogopa. Ule mlima sijawahi kuupanda bila geji."

Sasa hapo ndipo mama wa watu alipotakiwa kukaa chini akamsikiliza mwanawe. Maana yeye hofu anaijua, ameishi nayo, amekula nayo. Lakini alikuwa hajanywa chai, wagonjwa sita walikuwa wanamtazama kutoka madirishani, na kusikia mtoto wake akiitilia shaka kazi yake mbele za watu kulimchoma.

"Nafunga dairekti tangu wewe unanyonya," alisema. "Leo ndiyo umekuja kunifundisha?"

"Sikufundishi. Nimesema naogopa."

"Kuogopa niachie mimi. Wewe endesha."

Kamanda akavuta mdomo. Mama Maji akaingia kazini kwa hasira, na mikono yenye hasira ina mbio za ajabu. Plagi ya feni ilikuwa imeyeyuka, akaikata akaitupa. Nyaya mbili zikabaki zimeshika masizi na mafuta, zote nyeusi ti. Siku nyingine angezikwangua kwa kisu aone rangi. Siku ile aliziunga, akazungusha tepu, akabonyeza swichi. Feni ikalia kwa nguvu, safi kabisa.

"Dada," Mjomba akaita kutoka dirishani, "mkimaliza kununiana, nichajie simu yangu. Imekufa jana." Akampa simu, naye akaipokea bila kucheka.

Alikwenda mbele ya basi kufuta taa kwa kitambaa, kama kawaida yake. Alipoinama, upepo ulimpiga usoni, ukapeperusha ncha ya kilemba chake. Alikuwa na jasho la kazi na moto wa ugomvi, na upepo ule ukampoza. Alisikia raha, nakwambia. Akasimama pale kidogo ule upepo umpige, kisha akafunga boneti, akaenda dirishani kwa bintiye na kusema maneno yake. Geji imekufa, usiihangaikie. Sikiliza feni. Ikilia, uko salama. Ikinyamaza, simama.

"Sawa, mama," Kamanda alijibu bila kumtazama. Akazima simu yake akaiweka kwenye droo ya dashibodi, maana huo nao ulikuwa mwiko wa mama yake, dereva hagusi simu. Basi likaondoka saa moja kasoro dakika tano.

Mteja wa pili siku hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mrefu mwenye gari fupi na maneno mengi. Naye feni yake ilikuwa ya dairekti. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akisahihisha madaftari, akimsimulia Mama Maji makosa ya wanafunzi kana kwamba mama naye ana mtihani kesho. Kazi ilipokwisha, Mama Maji akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nipe karatasi."

"Chukua hii. Huyu amepata mbili kwa ishirini, hataidai."

Aliishika mbele ya rejeta. Karatasi ikanaswa, paa! Ikang'ang'ania pale. Naye alikuwa ameinama mbele ya gari kama alivyoinama asubuhi, uso palepale, na hakusikia upepo wowote usoni. Hakusikia kwa sababu feni ikizunguka sawasawa inavuta hewa, haipulizi. Mbele ya gari zima, lililofungwa sawasawa, hakuna upepo wa kumpepea mtu.

Hapo akakumbuka. Upepo wa asubuhi. Kilemba kilichopeperuka. Raha ile aliyoisikia. Alikuwa amesimama mbele ya feni inayozunguka kinyume, akafurahi, akafunga boneti.

"Mama, vipi?" mwalimu aliuliza. "Umekuwa kama umeona nyoka."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro kumi."

Mlima unaanza mwendo wa saa nzima kutoka mjini. Barabara ya tambarare haina neno, mwendo wenyewe unaleta upepo na injini inapumua. Lakini mlimani basi linapanda kwa gia namba mbili, namba moja, polepole, na hapo hakuna cha kulipoza ila feni. Walikuwa wanaanza kupanda sasa hivi. Na Kamanda hana geji. Ana sikio tu, na sikio lake limeambiwa na mama yake mzazi kwamba feni ikilia yuko salama. Angepanda mpaka injini imfie mikononi, kwenye kona, na breki za basi lile injini ikizimika zinakuwa ngumu kama jiwe. Kushoto ukuta wa mlima, kulia hakuna kitu.

Alipiga simu ya Kamanda. Imezimwa. Akapiga tena, kana kwamba simu itamwonea huruma. Imezimwa. Akapiga ya Mjomba, na ile simu ikalia palepale juu ya benchi la mbao, imechomekwa kwenye chaji, inacheza muziki wa furaha.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, nimeua watu."

Mwalimu akasimama, madaftari yakamwagika. Mama Maji hakumweleza kwa mpangilio, alimwambia tu basi, binti yangu, feni, mlima. Mwalimu, pamoja na maneno yake yote, siku ile hakuuliza swali hata moja. Alimrushia ufunguo. Mama Maji akatupa madumu mawili ya maji kwenye kiti cha nyuma, na koleo, na tepu, wakaondoka hata kibanda hakijafungwa.

Aliendesha vibaya, tuseme ukweli. Mtu aliyeogopa gari lililozimwa siku ile aliyapita malori kwenye mistari isiyokatika. Mwalimu alishika dashibodi kwa mikono miwili. Mwanzoni alijaribu kumpa moyo. "Huenda kasimama kupumzika," akasema. "Huenda kanusa harufu." Mama Maji akakanyaga mafuta. Alikuwa anamjua mwanawe. Kamanda mdomo mrefu, ndiyo, lakini tangu utotoni ukimwambia neno analishika. Ukimwambia kaa hapa mpaka nirudi, atakaa mpaka giza liingie. Miaka yote mama huyo alijisifia kwa majirani mtoto wangu msikivu, na sasa usikivu ule ule ndio aliouogopa. Laiti angekuwa mkaidi! Laiti angekuwa na dharau kidogo, amwone mama yake amezeeka, asimame tu kwa jeuri.

Walianza kupanda. Kona ya kwanza, hakuna kitu. Kona ya pili, Mama Maji akapunguza mwendo ghafla mpaka mwalimu akagonga paji kwenye kioo. Kwenye lami kulikuwa na matone. Yalikuwa ya kijani kidogo, ya maji ya rejeta, yamepangana katikati ya njia ya kupandia.

"Ni ya kwake?" mwalimu aliuliza.

"Ya kwake."

Matone yakawa mstari. Mstari ukanenepa, ukawa unang'aa kwenye jua. Kona ya tatu, kona ya nne, mstari upo, na Mama Maji akawa anaufuata huku anasema nao kwa sauti, usiishe, usiishe, tafadhali. Mwalimu alidhani maji kumwagika ndiyo balaa. Hakujua kwamba basi linalomwaga maji bado lina maji. Baada ya kona ya tano mstari ukawa matone tena, kisha tone moja hapa, moja kule, kisha lami kavu.

Hapo roho yake ilitoka ikauacha mwili unaendesha. Lami kavu maana yake injini inakwenda bila kitu ndani. Kwenye kila kona aliangalia kwanza ukingo, kama vyuma vya kuzuia vimepinda, kama majani yamelala. Hakutaka kuangalia na hakuweza kuacha. Aliusikia ule ukelele wa dereva wa lori, lakini sasa ulikuwa na sauti ya mtoto wake.

Kisha akasikia feni.

Aliisikia kabla hajaliona basi, kwa kuwa yeye angeisikia feni hata katikati ya soko. Ilikuwa inalia kwa nguvu, sawasawa, bila kukwama, kama alivyoifunga. Lakini chini ya mlio wake hapakuwa na mngurumo wa injini. Injini ilikuwa imekufa, na feni, iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, haikujali. Mama Maji alizunguka kona ya saba akiwa analia.

Basi lilikuwa limesimama limekaa upande, tairi la nyuma la kulia hatua nne tu kutoka ukingoni, mawe makubwa yamepangwa nyuma ya magurudumu. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye nyasi upande wa ukuta wa mlima. Akahesabu. Sita. Akahesabu tena. Mjomba alikuwa amemwegemea bibi mmoja, fundi cherehani, viatu amevivua, miguu imevimba, anapumua kwa kukatakata, lakini anapumua. Na mbele ya basi, amekaa chini kwenye lami, viganja vimechubuka kwa kubeba mawe, alikuwepo Kamanda.

Mama Maji alitaka kumkumbatia. Badala yake akabaki ameshikilia mlango wa gari la mwalimu.

Kamanda aliinua uso. Ulikuwa umejaa vumbi na machozi, na yule binti mwenye sauti ya kuamuru watu alizungumza kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Mama, nilisikiliza feni. Haki ya Mungu niliisikiliza njia nzima, haikunyamaza hata mara moja. Basi likaanza kukosa nguvu, nikajua ni mlima. Mjomba akaniambia nisimame, anasikia moto miguuni. Nikamwambia feni inalia, mama kasema tuko salama. Aliniambia mara tatu. Kisha ikazima yenyewe, tukarudi nyuma, breki ngumu, nikavuta hendibreki mpaka nikasimama juu yake. Tulikuwa tunaanguka, mama." Akafuta pua kwa mkono. "Nilifanya kama ulivyosema. Nimekosea wapi?"

Feni ilikuwa bado inalia. Mama Maji alinyoosha mkono ndani ya dirisha akaizima swichi, na mlima ukawa kimya mpaka pumzi za Mjomba zikasikika.

Majibu ya kumwokoa yalikuwepo, tena mengi. Angesema injini ni nzee. Angesema mpira umepasuka. Angesema mlima huu umewashinda wakubwa. Nani angejua? Nyaya zenyewe nyeusi, tepu ameizungusha mwenyewe, angezibadilisha kimyakimya huku wote wanamshukuru kwa kuja kuwaokoa. Aliogopa, na nasema aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye zile kona. Kule aliogopa kumkosa mwanawe. Hapa mwanawe alikuwa mzima mbele yake, anamtazama kwa macho yale yale ya kumwamini, na angeyapoteza kwa mdomo wake mwenyewe.

"Hujakosea popote," alisema. Akarudia ili hata wale wa kwenye nyasi wasikie. "Hujakosea. Nyaya niliziunga kinyume. Feni ilikuwa inazunguka nyuma. Sikupima na karatasi kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Ulisema unaogopa, nikakudhihaki. Mimi ndiye niliyekaribia kuwaua."

Yule bibi fundi cherehani aliangalia pembeni. Kamanda aliendelea kumtazama mama yake, na uso wake ukabadilika polepole. Mama Maji aliuona unavyobadilika, na hakuwa na la kufanya.

"Dada," Mjomba alisema kwa pumzi fupi, "miaka yote hiyo hujakosea, ukaichagua siku yangu." Alijaribu kucheka, akakohoa.

Kikohozi kile kikawaamsha wote. Mwalimu alimbeba Mjomba karibu mzimamzima mpaka kwenye gari lake, akampakia na bibi na mgonjwa mmoja mwingine aliyevimba uso, akapanda nao mlima. Waliobaki walikaa kivulini. Mama Maji aliwaambia wanawe wote wa siku ile, maana aliwaona kama wanawe, mtu asiguse mfuniko. Kisha akalala chali chini ya basi na kisu na koleo. Alizikwangua nyaya. Moja ikatoa rangi nyekundu, nyingine ikabaki nyeusi. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Dakika moja ya kisu. Alilia kule chini ambako mtu hamwoni, kisha akaziunga upya.

Walingoja injini ipoe. Kamanda hakusogea karibu naye. Alikaa kwenye jiwe, akijifunga kitambaa kwenye viganja kwa meno, na mama yake hakuthubutu kumsaidia. Mwalimu alirudi baada ya saa moja kuwachukua watatu wa mwisho. Alisema Mjomba yuko kwenye mashine, daktari kafoka sana kwa kuchelewa, pumzi imeanza kurudi, na sasa anagombana na nesi kuhusu mto. Mama Maji alikaa chini palepale barabarani, akajifunika uso. Mwalimu akamwachia dumu lake la kunywa, akaondoka na wale watatu.

Wakabaki wawili, na basi. Mama Maji aligusa rejeta kwa kiganja, akagusa tena, akangoja, akafungua mfuniko uso ameugeuza mbali. Akamimina maji taratibu, dumu la kwanza, la pili, akiinamisha sikio kusikia kama yanavujia ndani. Hayakuvuja. Akamwambia Kamanda ajaribu stata. Injini ikakohoa, ikagoma, ikakohoa, ikashika, ikanguruma vibaya kidogo lakini ikanguruma. Mama Maji aliwasha na hita ya ndani mpaka mwisho, isaidie kuvuta joto. Akabonyeza swichi. Feni ikalia, na karatasi aliyoishika mbele ya rejeta ikanaswa. Akafunga boneti.

Wagonjwa wangemaliza mashine saa nane, na mtu alitakiwa kuwarudisha nyumbani. Alipanda kiti cha abiria, akafunga mkanda, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Haya, mwanangu," alisema. "Sasa iko sawa. Twende."

Kamanda alikuwa ameshika usukani. Aliusikiliza mlio wa feni kwa muda, kichwa ameinamisha, kama alivyofundishwa. Kisha akazima injini na feni, akakaza hendibreki, akafungua mlango.

"Hapana, mama. Ngoja nikague mwenyewe kwanza."

Akashuka, akaenda mbele, akafungua boneti. Mama Maji hakumwona tena, alisikia tu mikono yake ikipita kwenye mipira, klipu, nyaya, kimoja kimoja, bila haraka. Mdomo ulimwasha kusema shika pale, angalia na hapa. Hakusema. Akakaa akangoja, kama wateja wanavyongoja, bila kujua ataambiwa nini.